Gari Linalala Kasigau

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hata baada ya kuzika mume na kung'oa meno. Nilikuwa nimeolewa hapa Kasigau mwaka huo huo, mgeni mwenye mdomo mrefu. Hapa nyani huteremka mlimani mchana kula mahindi, kwa hivyo wanawake tulikuwa tunalinda mashamba kwa zamu. Mwenye zamu alifukuza kwa niaba ya wote, na kila nyumba ilitoa siku moja.

Mimi, kwa sababu nilifika darasa la tatu, nikaona wenzangu hawajui kufikiri. Nikasimama kwenye mkutano wa wanawake nikasema nyani wanaingilia mashamba ya juu, yale yanayopakana na mawe, basi wenye mashamba ya juu walinde siku mbili na sisi wa chini siku moja. Wa chini tulikuwa wengi. Wakapiga makofi, nami nikakaa nimevimba kama andazi.

Mama Mkawasi, mjane aliyelima juu kabisa, hakubishana. Alikuwa anafunga leso yake aende zake, akaniuliza jambo moja tu.

"Wewe mke wa juzi, umewahi kupanda huko ukaona ninavyolinda?"

Sikuwa nimewahi. Sikujua kwamba yeye alikuwa shambani kabla umande haujakauka, iwe zamu yake au si yake, na debe lake la kupiga. Na siku yangu ya zamu, niseme ukweli, nilikuwa nakaa kivulini nasuka kikapu mpaka nasahau kilichonipeleka. Nilihesabu shamba lake liko wapi. Yeye mwenyewe anafanya nini, hilo sikuhesabu.

Alivumilia msimu mmoja. Wa pili akasema mgongo umekataa, akaacha shamba akaenda kukaa kwa ndugu yake huko Njukini. Wa juu wengine wakaacha mmoja mmoja. Halafu nyani wakashuka, na shamba la kwanza walilolikuta likawa langu. Mwaka ule nilikunywa uji wa kuomba, na hakuna aliyenionea huruma. Walikuwa na haki.

Utaniuliza hayo yanahusu nini wewe mwenye gari. Yanahusu, tulia.

Mjukuu wangu Wakesho amenunua pikapu. Anabeba ndizi kutoka Taveta anauza Voi, na nikimwona ameshika usukani shingo yangu inarefuka kama ya twiga, maana ni mimi niliyemlea. Pikapu hiyo ndiyo shamba lake. Ikipondwa leo bila bima, msichana amekwisha. Na ile bima ndogo, inayolipa tu wale uliowagonga, haimfai. Anataka ile kubwa inayolipa na gari lako pia.

Akaenda ofisi moja ya bima pale Voi. Sasa, binamu yake Mwakio anaishi Voi mjini, na ana pikapu kama hiyo hiyo, ya umri huo huo. Mwakio amegonga geti mara mbili na mbuzi wa watu mara moja. Wakesho hajawahi kukwaruza hata rangi. Lakini Wakesho ndiye aliyeitishwa bei ya juu, tena ya juu sana, kwa sababu fomu inauliza gari linalala wapi usiku, naye akajibu Kasigau. Wakamwambia huko barabara ni mbaya na kuna ndovu.

Bima aliyokuwa nayo ilikuwa inaisha Ijumaa. Akaja nyumbani Jumanne na fomu mpya mkononi, uso umekunjamana, akasema ataandika kwamba gari linalala kwa Mwakio. Kila mtu anafanya hivyo, nyanya, akaniambia.

"Na siku ndovu atakapolikalia hapa Kasigau," nikamuuliza, "utawaambia gari lilikuja likitembea usingizini?"

Alicheka ingawa alikuwa amekasirika. Ndipo nikamweleza polepole. Mwenye bima anapokea pesa bila kuuliza mengi, lakini siku ya kukulipa anasoma fomu yako neno kwa neno. Ukidanganya, umenunua karatasi tu. Kesho yake nikavaa viatu vya kanisani tukaenda wote wawili.

Kijana wa bima alikuwa na adabu, sitamsingizia. Alinipa kiti. Akasema bei haipangi yeye, inatoka kwa kompyuta ya Nairobi, na kompyuta inasema Kasigau ni hatari. Nikamuuliza kama hiyo kompyuta imewahi kumwona Wakesho akiendesha. Akacheka. Mimi sikucheka, basi naye akaacha.

Nikamwambia sikuja kukana ndovu. Ndovu nawajua kuliko yeye, wamekula maboga yangu. Kama kuna kitu cha kuongeza kwa sababu yao, aongeze, nitalipa. Lakini kwanza anionyeshe katika bei hiyo ndovu ni ngapi, barabara ni ngapi, na Wakesho mwenyewe ni ngapi. Wakesho huegesha gari kabla jua halijazama. Breki anabadilisha kabla hazijalia. Hayo yameandikwa wapi? Na lile geti la Mwakio, mbona silioni kwa bei yake? Hapo Wakesho akanifinya chini ya meza.

Nikamsimulia habari za Mama Mkawasi, kama nilivyokusimulia wewe. Kisha nikamwambia, "Ukituongezea mpaka tutoke, au mpaka tudanganye, hiyo hatari haijaenda popote, baba. Hasara yake itawashukia hao wa mjini uliowapunguzia, kama nyani walivyoshukia shamba langu."

Akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akasema iko nafasi ya kuangalia rekodi ya dereva, akileta barua kutoka bima ya zamani kwamba hajawahi kudai chochote. Iko nafasi, na hakuna aliyemwambia Wakesho. Alhamisi Wakesho akapeleka barua na bei ikashuka. Haikufika ya Mwakio. Sehemu ya ndovu ilibaki, na walipoulizwa wameihesabu vipi, wakasema tuandike barua ya kuuliza. Tulilipa, fomu ikiwa na ukweli mtupu, na Ijumaa ndizi zilipita kizuizi cha polisi bila maneno.

Na tumeandika. Wakesho aliandika, mimi nikamtajia maneno, na wenye magari wote wa hapa Kasigau wakatia sahihi. Tumeuliza jambo moja: ni magari mangapi ya huku mmewahi kuyalipia kwa sababu ya ndovu? Hawajajibu. Jumatatu narudi pale, na wakininyamazia nitapanda basi niende kwa wale wa serikali wanaosimamia bima. Miguu inauma, lakini ninayo.

Basi, mwanangu, sikia. Ukipewa bei, usiinamishe kichwa, na usikimbilie uongo. Uliza imejengwa na nini, kipande kwa kipande, mpaka wakuonyeshe. Kinachotokana na mwendo wako, lipa bila kunung'unika. Kinachotokana na mahali unapoishi, wadai ushahidi. Na siku wewe utakapokaa upande ule wa meza, ukimpangia mtu mzigo wake, inuka kwanza uende ukamwone anavyoishi. Mimi sikwenda, na mama wa watu alihama kwa sababu yangu.

Mungu akutangulie barabarani. Akupe breki zinazoshika, macho yanayoona mbali, na ulimi usioogopa watu wa ofisini. Ufike kwako jua bado liko juu, na wako wakupokee ukiwa mzima.