Nilivikaza vioo vya mama visitikisike, kwelea wakala mpunga

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Hii imenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na sina cha kujisifia ndani yake.

Mimi ni mtoto wa Ifakara, nimesoma fizikia chuo, na nina ugonjwa wa kubishia kila kitu.

Mama analima mpunga Mngeta. Mpunga ukiingia maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege wa kwelea wanashuka kama wingu, lazima mtu ashinde shambani kuamia: apige debe, apige kelele.

Magoti yanamsumbua, kwa hiyo ananing'iniza vipande vya vioo kwenye kamba. Upepo ukivizungusha, mwanga unarukaruka shamba zima, naye anapumzika kidogo.

Tatizo kamba zilikuwa zinakatika, vioo vinapasuka.

Nikaja na reference frame zangu. Nikamweleza kuwa mwendo ni wa kulinganisha: ndege akipita mbele ya kioo kilichotulia, kwake yeye kioo ndicho kinachopita, mwanga utamchapa vilevile. Basi tuvikaze kwenye nguzo.

Akaniuliza, "Una uhakika, baba?"

Nikamwambia hiyo ni fizikia, haina longolongo.

Mwanzoni makundi yalifika yakakata kona. Jirani yetu, mama Edina, akanitania kwamba nimewafungulia ndege saluni. Mama akamjibu kuwa kijana wake amesomea mwanga. Akaacha kuamia, nami nikarudi zangu mjini, Mlabani.

Niliporudi shambani, mashuke yetu yalikuwa yamesimama wima, matupu. Ya mama Edina, aliyeendelea kuamia, yameinama kwa uzito.

Hesabu yangu ilikuwa sawa kwa ndege anayeruka. Akishatua, yeye na kioo wote wametulia. Mwanga unabaki palepale, yeye anakula. Kioo kinachozunguka kingemfagia hata akiwa ametua.

Yaani mimi wa kuhoji kila kitu sikuhoji hilo, kwamba ndege anakuja shambani ili atue.

Mama hakunisema. Akiulizwa anajibu, "Mwaka huu ndege walikuwa wengi."

Bora angenigombeza.

Nilichojifunza: mtu akikuamini, lifuatilie jambo mpaka mwisho wake kabla ya kumpa jibu.

Msimu mpya umeanza, na mama amenipigia tena kuuliza vioo tuvifungeje. Bado ananiuliza mimi. Nimenunua kamba za nailoni, safari hii nakaa hukohuko mpaka tuvune.

Mliowahi kuamia, nipeni uzoefu. Hata kunisema niseni. Msiniambie tu kwamba ndege walikuwa wengi.