Jezi Namba Saba ya Kitambaa cha Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa timu ya taifa alinikabidhi gunia moja. "Kijana, hizi ndizo jezi zetu zote. Ikipotea moja, na wewe potea."

Nyinyi mliozoea kuona wachezaji wakiwarushia mashabiki jezi, hamtaelewa. Sisi tulikuwa na seti moja tu. Nilizifua kwa mkono kwangu mtaani Kabiro, nikizigeuza ndani nje ili namba zisibanduke, na kuzianika kivulini. Filimbi ya mwisho ikilia, nilikimbilia uwanjani na gunia kabla mtu hajabadilishana jezi na mgeni. Wachezaji waliniita Kanjo, kama askari wa jiji, kwa vile nilinyang'anya watu vitu hadharani.

Siku moja tulitoka sare na timu kubwa. Namba saba wetu, kijana wa mtaa wa Sarang'ombe, alikuwa amewahangaisha mechi nzima. Nahodha wao akamfuata, akavua jezi yake, akamnyooshea. Saba akanitazama. Aki, yale macho! Nikageuka, nikajifanya nahesabu mipira, wakabadilishana.

Nilimwambia mke wangu Rose, fundi cherehani, kwamba jezi imeenda na kazi yangu imeisha.

"Wewe nawe! Moyo laini hivyo, nani alikupa gunia?"

Alinigombeza mpaka chai ikapoa. Kisha akatoa gauni lake la kwaya, jekundu kama jezi zetu, akachukua mkasi. Jumapili aliimba mstari wa nyuma kabisa, amevaa sketi ya kuazima.

Siku ya mechi iliyofuata, meneja alikagua wachezaji mmoja mmoja. Kwa Saba akasimama, akashika kitambaa.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwangu, boss."

Akageuza pindo, akaliangalia weee. "Mwambie fundi asante. Na wewe, ukirudia, utanijua."

Saba alilalamika kwamba kitambaa kile hakinyonyi jasho hata kidogo, lakini jezi aliivaa hadi seti nzima ikachakaa.

Nilipostaafu, niliambiwa nichague jezi yoyote ya ukumbusho. Vijana wa ofisi walicheka nilipochomoa ile iliyopauka. Nikampelekea Rose. Aliikagua, akashona kwapa lililofumuka.

Jumapili akaivaa kanisani, akasimama mstari wa mbele. Kwaya ilipogeuka kurudi kuketi, kanisa zima likaona saba mgongoni mwake. Nililia, na sioni haya kusema.