Rudia Kwanza Alichosema Mueni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoomba kimoyomoyo rafiki yangu Mueni aaibike mbele za watu. Jana uliponiambia unaacha kusoma falsafa kwa sababu mwenzako darasani anakupita, nilicheka. Wivu huo naujua kuliko wewe.

Tulikuwa vijana wachache, tukisoma falsafa katika ukumbi wa kanisa hapa Komarock, tukifundishwa na Mwalimu Njoroge, mzee mstaafu. Mimi nilikuwa nimekariri majina ya wanafalsafa na kila mmoja alisema nini. Mueni, wa kule Kayole, alisoma ukurasa mmoja kwa wiki na kuja na swali moja tu. Na bado Mwalimu alimgeukia yeye! Roho iliniuma, jamani. Hata alivyokunja miguu kwenye kiti niliona ni maringo.

Jumamosi hiyo Mueni akauliza hivi: marehemu mama yake alimfanya aahidi kuolewa na mtu wa kanisa lao. Sasa amempenda kijana wa kanisa lingine. Je, ahadi kwa mtu aliyekufa bado inamfunga?

Niliruka juu nikaanza kumwaga majina na nadharia. Mwalimu akainua mkono.

"Kabla hujajibu, rudia alichosema Mueni mpaka akubali." Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya pale.

"Anataka ruhusa ya kuvunja ahadi," nikasema.

"Zii," Mueni akakataa. "Sijasema hivyo."

"Basi anamwogopa mamake."

"Zii! Kwani husikii?"

Watu wakacheka. Nilitaka kutoka nisirudi tena. Lakini nilipomtazama niliona yeye hacheki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamfikiria yeye badala yangu.

"Unauliza," nikasema polepole, "kama ukimfuata huyu kijana, utakuwa umeacha kumpenda mama yako."

Akafuta macho. "Eeh. Ni hiyo."

 Mueni alitafuta jibu mwenyewe miezi mingi, na siku alipoolewa na kijana yule, mimi ndiye niliyesimama naye kanisani kama msimamizi wake. Bado nilimwonea wivu, kwa sababu swali lile lilikuwa lake mwenyewe, si la kukariri.

Kwa hivyo usiache, mwanangu. Soma kidogo, kisha urudie. Eleza alichosema mwandishi kwa maneno yako mwenyewe, mpaka uone angekubali kwamba umemwelewa, ndipo umpinge. Anza na swali linalokusumbua wewe, si lile la kuwashangaza wenzako. Na huyo anayekupita, kesho kaa karibu naye umuulize anasoma vipi. Wivu hautakwisha leo, lakini usikubali ukuzibe masikio.

Mueni anakuja kunywa chai jioni, na najua swali lake litakuwa zuri kuliko langu. Mungu akupe na wewe mtu wa kukuudhi hivyo mpaka uzeeke.