Elfu Arobaini, na Mbili

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, aliyemaliza darasa la saba kwetu Kasense alihesabiwa msomi, basi nikapewa chaki nifundishe kisomo cha watu wazima. Kati ya wanafunzi wangu alikuwemo mama yangu mzazi.

Mama alitaka kuacha. Kusoma alishaanza kukuweza, ila hesabu zilimtesa, na kina mama wenzake walimcheka: "We mama mwalimu, mwanao hakupi majibu nyumbani?" Akaniambia haendi tena. Roho iliniuma. Mimi nilishaota siku atakayosoma mwenyewe barua ya dada yangu, bila kumwomba mtu.

Nikakumbuka namba niliyoonyeshwa na bwana shamba mmoja, mtu wa Mbeya, tulipokuwa tumejikinga mvua pale Mazwi. Namba kubwa. Ukiizidisha kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa sita, tarakimu zinabaki zile zile. Zinazunguka tu kama wacheza ngoma kwenye duara, kila mara anatangulia mwingine. Niliipenda kama mtu anavyopenda wimbo.

Alasiri moja nilikuwa napura ulezi uani, mama kakaa na kibao chake.

"Andika, mama. Laki moja, elfu arobaini na mbili, mia nane hamsini na saba. Zidisha kwa mbili, uone wanavyocheza."

Akazidisha taratibu, akinong'ona Kifipa. Kisha akaniangalia.

"Mbona hawachezi? Na huyu sifuri kaenda wapi?"

Sifuri? Namba yangu haina sifuri. Nikachungulia. Alikuwa ameandika 140859.

Akaweka chaki chini. "Basi, baba. Kichwa changu ni cha jembe."

"Ngoja kwanza. Hii tisa umeitoa wapi?"

"Si umesema wewe? Elfu arobaini. Na mbili. Mbili nikaipeleka kwa saba, wakawa tisa. Ulitaka niiweke wapi?"

Nikasimama na fimbo yangu ya kupuria, nikajisomea kwa sauti: elfu arobaini na mbili. Ni kweli. Nani kamwambia ile mbili ni ya maelfu, siyo mbili tupu? Nikakagua kuzidisha kwake, 281718. Hakuna kosa hata moja.

"Mama, umepatia. Mimi nilitaka elfu mbili, juu ya elfu arobaini."

"Sasa si ungesema! Mwalimu gani wewe?" Akacheka mpaka kanga ikamvuka begani.

Akafuta kwa kiganja, akaandika 142857, akazidisha kwa mbili: 285714. Akapitisha kidole, mmoja mmoja. "Wapo wote!" Akaenda kwa tatu bila kuambiwa: 428571. Akaenda kwa nne. Ulezi nikausahau, nikakaa naye chini.

Alipofika saba zikatoka tisa tupu, tisa sita kwenye mstari. Akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Hawa sasa wamevaa sare."

Akaipangusa chaki kwenye kanga. "Hii ya saba usiwaonyeshe wale wanaonicheka. Jumatatu nitaiandika mimi mwenyewe ubaoni."