Ubao wa Masizi

Kila ninaponusa magunia ya kahawa dukani, hasira hunikaba. Magunia kama hayo ndiyo yaliyowatoa mama zetu kwenye kisomo cha watu wazima.

Walisomea katika ghala la ushirika, walilolijenga kwa matofali waliyobeba kichwani kupanda milima ya Umatengo. Biashara ilipoachiwa watu binafsi, mnunuzi mmoja akalijaza kahawa yake.

"Kisomo kafanyieni majumbani, mama zangu," alisema.

Mama na wenzake walitwanga masizi na majani ya viazi, wakapaka ukuta wa nje ukawa ubao. Mnunuzi alipotoka kutazama, alikuta somo limeshaandikwa: GHALA HILI TULILIJENGA SISI.

"Soma, baba," mama alimwambia. "Sisi tutafuatisha."

Akageuka, akarudi ndani kwenye magunia yake. Tukasoma bila yeye, akina mama na sisi watoto, mpaka sauti zikatukauka.