Jina la Kanga Ukurasa wa Kwanza

Mama yangu alinilea na sheria moja: mtu akikupita na kanga, soma jina lake, yale maandishi yake, kimoyomoyo, wala usiulize. Anayeuliza kanga inamsema nani, basi inamsema yeye. Kwa hiyo barua pepe ya wafadhili wetu ilipouliza, kwa adabu zote, maandishi yaliyo kwenye nguo ya yule mama wa ukurasa wa kwanza wa jarida yana maana gani, nilijua tumeumbuka kabla sijaitazama picha upya.

Mimi ndiye mwandishi wa jarida la shirika letu dogo, ofisi iko Mabawa. Nawaandikia wafadhili walio mbali habari za kina mama wanaolima mwani upande wa Pangani, na kazi yangu hasa ni kuhakikisha hawatuchoki. Wanachoka upesi. Ukilia sana wanaona unazidisha, ukifurahi sana wanaona mmeshajitosheleza. Toleo lile lilikuwa na uzito wake, maana ndani yake tuliomba banda la kukaushia mwani kabla masika hayajaingia. Mvua ikiupiga mwani ulioanikwa, jasho la kina mama limekwenda bure.

Picha ilikuwa ya mama mmoja wa Mwera, mtu mzima, anatoka majini na furushi la mwani kichwani. Niliipenda kwa sababu alikuwa amegeuka kidogo na jua lilikuwa zuri. Ofisi nzima tulilipitia jarida ukurasa kwa ukurasa tukisahihisha herufi, hakuna aliyemsoma yeye kwa nyuma. Sasa nikaikuza. SITAKI CHA MTU CHANGU CHANITOSHA. Na chini yake tu, kwa herufi nene, ombi letu la banda.

Nilitaka kucheka, sikuweza. Mkurugenzi wetu alicheka kidogo, kisha akasema watu hao hawajui Kiswahili. Niwaandikie kwamba maana yake ni asanteni kwa wema wenu. Nikaandika. Sentensi ilikaa vizuri mno, nikaiogopa. Je, wakimwonyesha Mswahili yeyote huko waliko? Hata ya kweli tuliyoandika wasingeyaamini tena, banda lingekufa, na mvua ikinyesha kina mama wangeniuliza mimi.

Nikampigia yule mama, nikiomba Mungu aniambie kanga ilikuwa ya kuazima. Nikamwamkia, nikazungukazunguka na habari za nyumbani, mwishowe nikasema. Akanijibu taratibu kwamba hakuivaa kwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyewaambia siku ya picha waje na nguo za kazi zilizochakaa, naye tangu azaliwe hajapigwa picha akiwa na tambara. Akafungua sanduku akaitoa ile mpya, ikaoge maji ya chumvi hivyohivyo. Banda analitaka, alisema, na akilipata atashukuru. Ila kuomba banda si kuomba kuonewa huruma.

Uso uliniwaka kwa aibu, na bado nikamsomea tafsiri yangu ya asanteni.

"Mwanangu," akasema, "jina nilovaa mie ni langu. Ukilibadili, ushanivua mbele za watu."

 Nikaifuta sentensi ile, nikaandika maana yenyewe neno kwa neno, na sababu kama alivyonipa, pamoja na hayo matambara niliyoyaagiza. Nikatuma bila kumuuliza mkurugenzi, kisha nikaishi na simu mkononi kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari. Simu ikilia naruka, kumbe ni mtu aliyekosea namba, anaulizia vitumbua.

Jibu likaja wiki iliyofuata. Banda wamelikubali. Nikausoma mstari huo mpaka machozi yakanitoka, nikamwambia mkurugenzi, nikampigia mama, naye akasema alhamdulillahi, mafundi waje haraka. Nilipokata simu ndipo nikauona mstari wa mwisho. Wamempenda sana yule mama, na wana swali moja tu: siku ile, kanga yake ilikuwa inamsema nani?

Jibu lake nalijua tangu utotoni. Kuliandika kwa Kiingereza ndiko kunakonitoa jasho mpaka leo.