Dakika Tano za Dirishani

Kazini kwake wanamwita Mama Mashuka, na jina hilo silipendi hata kidogo. Dada yangu amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa: ya wodi ya wazazi, ya wodi ya upasuaji, ya waliopona na ya ambao hawakupona. Doa la damu akiliangalia tu anakwambia ni la jana au la juzi. Viganja vyake vimeliwa na dawa mpaka mistari imefutika. Siku moja alitakiwa kuweka dole gumba kwenye mashine ya ofisini, mashine ikamkataa mara saba, karani akamwambia, "Mama, wewe huna vidole." Alirudi nyumbani akanisimulia huku anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Ni fundi simu, nina kibanda changu kando ya soko, na kama kuna kitu nilichokuwa najivunia hapa duniani ni kwamba hakuna simu iliyowahi kunishinda. Nasema mapema ili ujue unayemsikiliza ni mjinga wa aina gani.

Dada alitaka kuwa muuguzi msaidizi. Si daktari, si mkuu wa chochote. Msaidizi tu: apime joto, ageuze wagonjwa, afunge vidonda, na mashuka afue mwingine. Miaka mitatu alisoma jioni baada ya kazi, kwa vitabu vya kuazima, akiegemeza kitabu kwenye ndoo huku anakanda unga. Masomo yote akapita. Ukabaki mtihani mmoja wa mwisho, na huo chuo kikauhamishia mtandaoni.

Masharti yao yalikuwa hayana huruma. Mtihani unafunguliwa saa tatu asubuhi na unachukua muda wa saa tatu. Ukae chumbani peke yako, kamera ikikuangalia, usiwe na simu, asionekane mtu mwingine. Intaneti ikikatika, unapewa dakika tano uwe umerudi. Zikipita, mtihani unafungwa na umefeli. Halafu lile sharti lililokuwa linamnyima usingizi: mtahiniwa asizidi miaka arobaini na mitano. Dada alikuwa amebakiza miezi miwili atimize arobaini na sita. Kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi tena.

Tableti alipewa na muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi siku anastaafu. Nzuri, kioo hakina hata mkwaruzo. Dada aliileta kibandani kwangu ameifunga kwenye foronya kama mtoto mchanga. Niliigeuza mara moja tu nikajua.

"Dada, hii haina mahali pa kuweka laini."

"Maana yake?"

"Maana yake yenyewe haina intaneti. Lazima ipate kutoka kwenye simu."

"Wewe si una simu?"

"Ninayo."

"Na si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Sasa mbona umekunja uso? Nilidhani imekufa!"

Akacheka, akanigonga begani. Nami kichwa kikanivimba palepale. Nikamwambia aondoe shaka, hicho ni kitu kidogo, aniachie mimi.

Wallahi si kitu kidogo. Intaneti ya kuazima kwa simu inafaa kusoma habari na kuangalia watu wakicheza. Kwa jambo la kufa na kupona haifai, na mimi nilijua. Simu ikigawa intaneti inachemka. Ukiichomeka chaji inachemka zaidi, ukiichomoa inaisha. Ukiiweka mbali, ukuta mmoja tu unatosha kuikata pumzi. Tableti ikitulia kidogo, simu inadhani hakuna anayeihitaji, inazima hotspoti yenyewe. Na kwa simu yangu ile, mtandao wetu ulivyo, mtu akikupigia ukapokea, intaneti inasimama mpaka umalize kuongea. Hayo yote nilimweleza Dada, moja moja, na yote nikamwambia nina dawa yake.

Simu zote nilizifungia zisiingie. Wateja, mke wangu, wakwe, wote. Nikaacha namba moja tu wazi: ya Mama.

Hapa inabidi nieleze, maana watu wananiuliza na nashindwa kuwajibu bila kukasirika. Siku Baba alipofariki, alimpigia Dada simu saa nne asubuhi. Dada mikono yote ilikuwa ndani ya maji ya dawa. Akamwambia mwenzake, "Ikate, nitampigia nikimaliza beseni hili." Alimaliza beseni, akajifuta mikono, akapiga. Aliyepokea alikuwa jirani. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwetu, na aliyeiweka ni Dada mwenyewe: simu ya mzazi haikatwi, haifungwi, haiachwi ikaita. Mama ana presha, anaishi peke yake. Hata ungekuwa kaburini unazika, Mama akipiga unapokea.

Ningeweza kuzielekeza simu zake ziende kwa mke wangu. Ni kazi ya kubonyeza mara tatu. Nimeshaifikiria mara elfu, lakini baadaye. Siku ile nilimpigia tu Mama nikamwambia, "Mama, Dada ana mtihani. Usipige mpaka saa sita, saa sita atakuwa amemaliza."

"Saa sita kamili?"

"Saa sita kamili, Mama."

"Haya mwanangu. Sitapiga hata nikianguka."

"Ukianguka piga!"

Akacheka. "Sitaanguka."

Asubuhi ya mtihani nilifika kwa Dada saa moja na nusu. Anaishi chumba kimoja na kisebule. Simu yake, ile ndogo ya vitufe, akaizima akaifungia kwenye droo kisebuleni kama walivyoagiza. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, amechana nywele. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Si kuna kamera? Wasije wakadhani mtihani anafanya dobi."

Mtandao mle chumbani ulikuwa unashika dirishani tu. Simu nikaiweka kwenye ukingo wa dirisha, nje ya nondo, na mimi nikasimama nje uani ili kamera isinione. Mke wangu alikuwa amenipa mwavuli. Jua la pale linapiga dirisha moja kwa moja kuanzia asubuhi. Basi nikawa mtu mzima, fundi mwenye heshima zake, nimesimama uani kwa mwavuli wa maua, naipepea simu kwa kipande cha boksi. Majirani wakipita wanauliza, "Vipi, inaumwa?" Nawaambia ndiyo, inaumwa, piteni.

Saa tatu mtihani ukafunguliwa na hapo hapo balaa likaanza. Walitaka kwanza Dada ajipige picha ya uso, kisha azungushe kamera apige chumba kizima, picha zote mbili zitumwe. Picha ikaenda. Ile ya chumba ikagoma. Ilifika nusu ikarudi mwanzo, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Tukaivuta meza mpaka ikagusa dirisha. Nikazima simu nikaiwasha.  Picha ilipokubali ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Hawakumpunguzia muda, hilo niwashukuru. Saa zake tatu zikaanza kuhesabiwa hapo, na mimi nikamshukuru Mungu nikarudi kupepea. Kwamba sasa atamaliza saa sita na dakika arobaini, si saa sita, halikunipita kichwani hata kidogo. Nilikuwa naangalia chaji.

Saa nne na nusu hotspoti ikajizima yenyewe. Nikairudisha kabla hata dakika haijaisha. Saa tano simu ikaandika kwamba joto limezidi. Nikachomoa chaji, nikailoweshea kitambaa, nikapepea kwa mikono miwili, mwavuli nimeubana kwa shingo. Kutoka pale niliona kioo cha tableti vizuri kupitia nondo. Maswali yalikuwa themanini, nami nikawa nahesabu anapofika. Arobaini. Hamsini na mawili. Dada alikuwa anajibu bila kusita, mdomo unachezacheza kama anasimulia mtu. Nilimwona ananyanyua kichwa akatabasamu peke yake. Swali lilikuwa la kutandika kitanda cha mgonjwa asiyeweza kugeuka. Mtu amefua shuka miaka kumi na tisa, unamuuliza la kutandika!

Alikuwa kwenye swali la sitini na nne simu ilipoanza kuita.

Mama.

Niliangalia saa. Saa sita kamili. Mama wa watu alifuata nilichomwambia, hakupunguza wala kuongeza dakika. Alianza kwa Dada, akakuta imezimwa, akaja kwangu.

Dada akageuka. Tulitazamana kupitia nondo. Nikapokea, nikasema haraka haraka, kwa kunong'ona, "Mama, uko salama?"

"Salama kabisa! Kwa nini unanong'ona? Mpe dada yako."

Mama yangu anaongea na simu kama anataka imsikie mtu aliye ng'ambo. Spika haihitajiki. Dada alikuwa anasikia kila neno.

"Mama, nakupigia baada ya dakika—"

"Usinikatize. Leo usinikatize kabisa. Nimekaa hapa tangu saa tatu, sijala, sijanyanyuka, naangalia saa ya ukutani. Nilisema mtoto wangu akimaliza namwombea dua mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Tangu tumzike baba yenu mdomo huu haujashukuru kitu. Leo unashukuru."

Na akaanza kulia. Mama yetu hakulia msibani. Alikaa kwenye mkeka siku tatu macho makavu, watu wakasema mengi. Sasa alikuwa analia kwenye sikio langu, na katikati ya kilio anaomba.

Kwenye tableti kioo kilikuwa kimegeuka cheupe, na katikati namba nyekundu. Nne na nusu. Nne na kumi.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukata. Naapa kilikuwa pale. Dada aliniona. Akainua kiganja chake, kile kisicho na mistari, akakisukuma hewani taratibu kama mtu anayetuliza mtoto. Acha. Mwache.

Nikatingisha kichwa nikamwonyesha namba. Tatu na nusu. Akatingisha kichwa naye. Hakuangalia hata namba. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, anasikiliza.

Mama aliiombea mikono ya Dada. Akaombea miguu yake itakayotembea wodini, akamwombea na muuguzi aliyemwachia tableti, akamtaja Baba kwa jina lake la utotoni ambalo hatujawahi kulisikia. Akaniombea mpaka mimi na kibanda changu. Dakika mbili. Moja. Nilisema "Mama" kama mara nne, na kila nikisema anapandisha sauti. Namba zikafika sifuri kimya kimya. Sijui kwa nini nilitegemea kengele.

"Amina," Mama akasema mwishowe.

"Amina," Dada akajibu kutoka ndani.

"Namsikia! Anasemaje, umekwendaje?"

"Umekwenda vizuri, Mama," Dada akasema kwa sauti, ameshika nondo za dirisha.

Simu ilipokatika, intaneti ikarudi yenyewe, nguvu zote, haijawahi kuwa nzuri vile siku nzima. Ilirudi kutuletea maneno manne: Mtihani wako umefungwa. Asante.

Nililia mimi. Dada alitoka nje akachukua mwavuli mkononi mwangu akaufunga, akasema nimeunguzwa na jua, niingie ninywe maji. Nikamwambia, "Dada, ungeniacha nikate. Ungemweleza baadaye, angeelewa." Akasema, "Beseni moja linanitosha." Basi. Hajaliongelea tena.

Chuoni nilikwenda mwenyewe siku iliyofuata. Kijana wa mapokezi akasema si wao, ni mfumo ndio uliofunga. Nikamwambia anipe namba ya huyo mfumo niongee naye. Akaniita mlinzi.

Jumatatu Dada alirudi kwenye mashuka, na miezi miwili baadaye akatimiza arobaini na sita. Tableti iko kwangu kibandani, kwenye foronya ileile, na mteja akitaka kuinunua namwambia ni mbovu.

Mama ndiye hatumwezi. Alikwisha nunua viatu vyeupe vya uuguzi, vya kamba, namba ya Dada kabisa, vimo kwenye boksi chini ya kitanda chake. Kila Jumapili anauliza kama majibu yametoka, tunasema bado, chuo kina mambo mengi. Anasema tusiwe na wasiwasi, dua yake ilifika kwa wakati.

Jumapili iliyopita tulikuwa wote watatu sebuleni kwake. Mama alikuwa anamenya viazi. Akasimamisha kisu, akamtazama Dada kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Hivi siku ile nilipopiga," akasema, "mlikuwa mmeshamaliza, sio?"

Dada akachukua kiazi kingine kwenye bakuli.

"Tulikuwa tumeshamaliza, Mama."